Chupa Nyuma ya Mtungi wa Maziwa

Siku ya tatu wodini huko Kitale, Daktari Mwihaki alirudi na karatasi ya maabara, akauliza swali lile lile la siku ya kwanza.

"Mama Chepngeno, kabla ya kumleta mzee hapa, alitumia dawa yoyote?"

"Hapana," Jelagat alijibu.

Mumewe Bethwel alilala ubavu, macho ameyafumba, shingo ngumu kama mpini wa jembe.

"Maji tuliyotoa mgongoni yanaonyesha homa ya uti wa mgongo, lakini maabara haijapata kijidudu chochote ndani yake. Kama hakutumia dawa, pengine ni virusi, na hizi sindano za kuua bakteria tunazompa nitazisimamisha."

Hapo Jelagat akaona kaburi la mumewe mbele yake. "Nilimdunga ile dawa ya ng'ombe," akasema. "Ilibaki wakati ng'ombe aliugua kiwele. Niliogopa mtanigombeza."

Daktari hakumgombeza. "Basi hiyo ndiyo imetufichia wadudu bila kuwamaliza. Sindano zitaendelea. Nyumbani kuna mwingine anaumwa kichwa?"

Asubuhi hiyo mama mkwe alikuwa amepiga simu kusema Chepngeno ana homa na hawezi kuinamisha kichwa. Jelagat alikuwa amemwelekeza chupa ilipo, nyuma ya mtungi wa maziwa, amdunge mtoto nusu ya kipimo cha babake, kisha amwache alale.

Alitoa simu, akampigia mama mkwe. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.