Upande wa Bitana

Wanaosema kizuri chajiuza hawajawahi kushona mfarishi. Mama Reli alitupiwa methali hiyo kila alipojisifu, yaani karibu kila siku, na jibu lake halikubadilika: kizuri hicho kikigeuziwa ukutani, kitajiuza kwa nani?

Jina la Mama Reli alipewa na majirani kwa sababu ya cherehani yake. Haikuwa cherehani ya kukalia. Ilikuwa na shingo ndefu kama mkono ulionyooshwa, na ilitembea juu ya reli za chuma zilizofungwa kwenye fremu, fremu yenyewe ikianzia mlangoni mwa sebule na kuishia dirishani. Mfarishi ulitandazwa hapo na matabaka yake matatu: juu uso wa viraka, katikati pamba, chini bitana. Mama Reli alishika vishikio viwili, akawasha, akaiendesha cherehani juu ya kitambaa huku naye akitembea kando yake, akichora kwa uzi maua, manyoya ya ndege, mawimbi, chochote kilichomjia. Makochi yalikwisha kuhamia barazani. Mgeni alipewa kiti cha jikoni na kuonywa asiegemee kitu. Mumewe, fundi wa kuchomelea aliyeiunga fremu ile kwa mikono yake mwenyewe, alikula amepakata sahani na kulalamika kwamba alioa mke, akaongezewa stesheni.

Kazi hazikukauka. Kulikuwa na mwalimu mstaafu ambaye pindo za viraka vyake zilijaa mawimbi kila mara, huku akiapa kwamba alipima. Mama Reli alizibembeleza kwa pasi ya mvuke na pini mpaka zikalala. Kulikuwa na kijana aliyeleta fulana za timu yake iliyoshuka daraja, akaomba ziunganishwe ili walau apate cha kujifunikia aibu. Wote walitoka pale wakiwa wameukumbatia mfarishi kifuani, na Mama Reli aliwasindikiza mpaka barabarani ili majirani waone nini kimetoka nyumbani kwake.

Ila mteja wa kumnyima usingizi alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa mtaa huohuo. Wifi alikuwa bingwa wa viraka. Hilo Mama Reli hakulipinga hata siku wamenuniana. Aliokota vipande kwa mafundi wa nguo, akavikata, akavipanga, na rangi zilizokuwa zikigombana kwenye kapu zikakaa pamoja kama watoto wa mama mmoja. Yeye aliunga uso, Mama Reli akaushona na pamba na bitana, kisha mfarishi ukapelekwa kwenye maonyesho ya kazi za mikono.

Kwenye maonyesho yaliyopita ndipo palipoharibika. Kibao cha maelezo kilikuwa na jina la wifi peke yake. Mama Reli angemeza hilo. Lakini bibi mmoja alipouliza mishono ile ni ya nani, wifi alijibu bila hata kugeuka kwamba alimpa mke wa kaka yake apitishe mashine tu. Mama Reli alikuwa amesimama nyuma yao. Lile "tu" alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo.

Kwa hiyo wifi alipoleta uso wa safari hii, Mama Reli aliutandaza, akauzunguka, na moyo ukamdunda kwa uzuri wake. Mizunguko ya rangi ilianza na bluu nzito katikati, ikaenda ikipambazuka, ikaishia na safu ya njano juu kabisa, ambayo wifi mwenyewe alisema hajawahi kuunga nyingine nzuri kuliko hiyo. Mama Reli aliusifu kwa haki. Kisha akasema anataka jina lake kwenye kibao, na anataka mishono yake itajwe.

Wifi hakumjibu kwa ubaya. Alipitisha kidole juu ya vile vitambaa vyenye madoa, mistari na maua, akasema, "Wifi yangu, watu wanakuja kuangalia rangi. Uzi wako humu nani atauona?"

Kilichomuuma Mama Reli ni kwamba ilikuwa kweli. Kwenye vitambaa vya maua mengi, uzi huzama. Ungeweza kushona malaika na mtu asione unyoya.

Alikaa siku nzima bila kuwasha cherehani, jambo ambalo mumewe alilihesabu kuwa ugonjwa. Kisha akainuka, akaenda dukani, akanunua bitana nyeupe isiyo na ua hata moja. Uchaguzi wa bitana wifi alimwachia yeye siku zote, maana nani hujali bitana.

Akaushona mtaa wao. Aliushona wote, nyumba kwa nyumba: waya za umeme zilivyolegea, tangi la maji la jirani lililoinama, mbwa wa fundi saa, bomba la pembeni na ndoo zilizopangwa foleni, mlango wa wifi na ngazi yake iliyomeguka. Kwenye uso wa viraka hukuona kitu ila mikunjo midogo. Mtaa ulikuwa unaota chini, kwenye bitana, ambako yeye mwenyewe alikuwa haoni. Na kilichochorwa kwa juu hutokea chini kimegeuka, kama sura kwenye kioo. Basi ilimbidi autembee mtaa wake kinyume, kilicho kulia akipeleke kushoto. Safari moja mkono ulifuata njia uliyoizoea, akaliweka bomba pale linapokaa kweli. Alipojipenyeza chini ya fremu na tochi, alilikuta bomba liko mlangoni kwa fundi saa. Alifumua mshono mmojammoja, akijitukana kwa heshima, akaanza upya.

Mumewe naye aliingia chini ya fremu, akalala chali, akatazama muda mrefu. Akauliza ni nani atakayeugeuza aone. Mama Reli akasema hahitaji mtu augeuze, yeye kwake inatosha kwamba upo. Huo ulikuwa uongo mkavu, na mumewe akawa mwungwana, akajifanya kuuamini.

Alipomaliza, aliukunja uso ukiwa nje na kumkabidhi wifi bila maelezo. Alikuwa na kiburi cha kutosha kutoomba mara mbili. Kazi iliyobaki ilikuwa ya wifi: kuzungushia utepe ukingoni kwa sindano ya mkono, na kushonea nyuma, kwa juu, ule mfuko mrefu wa kitambaa unaopitishiwa ufito wa kutundikia. Kila mfarishi unaotundikwa una mfuko huo, na mfuko huo hukaa nyuma, kwenye bitana, usionekane.

Wifi hakupita tena. Siku zilikwenda, na Mama Reli akawa na hakika kwamba ama hakuona, ama aliona akachukia. Yote mawili yalimchoma sawasawa.

Siku ya maonyesho alivaa gauni lake la maana, akala kiapo kwamba ataangalia na kuondoka. Ukumbini mifarishi ilijaa kuta, nyekundu, kijani, zambarau. Watu, hata hivyo, walikuwa wamesongamana kwenye kona moja, na juu ya vichwa vyao aliona kitu cheupe.

Ulikuwa mtaa wao. Ulitundikwa bitana ikiwa mbele, na taa iliupiga kwa ubavu hata kila mshono ukatoa kivuli chake. Mtu mmoja alikuwa akimwonyesha mwenzake yule mbwa, wakicheka. Mama Reli akajisukuma katikati ya watu mpaka akafika. Kwenye kibao kulikuwa na majina mawili, na la kwanza lilikuwa lake.

Akashika ncha ya mfarishi, akaifunua kidogo kutazama nyuma. Wifi alikuwa ameushona ule mfuko wa ufito kwenye uso wa viraka. Ulipita juu ya safu yote ya njano, ukaimeza.

Wifi alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja kugombezwa.

"Umefunika njano yako," Mama Reli akasema.

"Imefunikwa, haijafa." Kisha wifi akashusha sauti. "Nilipokuwa napiga utepe nilikuwa nimeupakata. Nikauona mlango wangu. Nikaona na ngazi, iko upande uleule ninaopandia. Nikajiuliza, huyu kashona kwa juu, mbona mtaa haujageuka? Ndipo nikajua ulikaa ukaushona wote kinyume, ili huku uje sawa. Nilikuuliza uzi wako nani atauona. Basi nimeuona mimi, na nilisema mengine ambayo nisingeyasema ningekuwa nimeuona mapema."

Mama Reli alitaka kujibu kitu cha kishujaa, lakini mwanamke mmoja mwenye miwani aliwahi kumuuliza wifi kazi ile ni ya nani. Safari hii wifi aligeuka. Alimshika Mama Reli mabega, akamsogeza mbele.

"Yangu," Mama Reli akasema, kwa sauti iliyofika mlangoni mwa ukumbi. "Mishono yote ni yangu. Sasa sogea hapa, dada, uone na alichofanya wifi yangu."

Akaushika mfarishi kwenye ncha, akauinua hadi bluu na rangi zilizoizunguka zikatokea, yule mwenye miwani akaguna kwa mshangao. Nyuma yake kulikuwa na wengine wanangoja. Mama Reli hakuiachia ile ncha. Wifi alimwambia apumzike, mkono utamfa ganzi, naye akamjibu kwamba foleni bado ndefu.