Sauti Mbili za Malkia Isaura

Kester Plumbe alimeza yai bichi, akafumba macho kwa kichefuchefu, kisha akajaribu.

"Ole wangu, mimi mjane," alisema.

Mwanzo ulitoka laini kama wa msichana. Neno la mwisho lilitoka kama fahali aliyekanyagwa kwato.

Jasper, mwanagenzi mwenzake, alikuwa amekaa juu ya kasha la mavazi akitafuna tufaha. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Mama yangu! Malkia amekula chura!"

"Nyamaza, Jasper."

"Mlango wa choo cha Bibi Rudd una sauti tamu kuliko wewe. Haki ya Mungu. Ule angalau unalia wakati wa kufunguliwa tu."

Mama Marjory, mshonaji wa kampuni ya maigizo, alimpiga Jasper kichwani kwa mkono wa gauni aliokuwa akiushona. "Cheka tu, kidomodomo wewe. Na wewe ndevu zitakuota siku moja, tuone kama utacheka." Akamgeukia Kester, akashusha sauti. "Njoo mwanangu, simama nikufunge kamba. Vuta pumzi. Usiseme chochote mpaka tarumbeta ilie. Itunze sauti."

Kester alisimama, akanyoosha mikono, naye Mama Marjory akaanza kumkaza mgongoni. Tangu alipoletwa Southwark, mtaa wa London, akiwa mtoto mdogo, alikuwa amevaa magauni mengi kuliko mwanamke yeyote wa mtaa ule. Alikuwa bibi harusi, mchawi, binti wa mfalme, mjane. Zama hizo wanawake hawakupanda jukwaani London, kwa hiyo kina mama wote wa tamthilia walikuwa wavulana, mpaka sauti zao zilipovunjika na kuwa nzito za kiume. Sauti ikishavunjika, wachache walibaki wakawa wachezaji wakubwa. Wengi walirudishwa kwao, na hakuna aliyewauliza walikokwenda.

Bwana Rudd, mkuu wa kampuni na bwana wake Kester, aliinama kupita chini ya ngazi akaingia chumba cha kuvalia. Alikuwa ameisikia ile sauti ya fahali.

"Mjomba wako yuko uani, kati ya watazamaji," alisema. "Amekuja kutazama."

Kester aliishusha mikono yake. Mjomba wake alikuwa na kiwanda cha ngozi huko Bermondsey. Kester aliwahi kukaa huko majira ya baridi ya mwaka mmoja, akikanyaga ngozi ndani ya mashimo ya mavi ya mbwa na maji ya magome, na harufu ile ilikaa kwenye nywele zake mpaka majira ya joto.

"Bwana, nimekunywa mayai. Nimekunywa asali."

"Najua." Bwana Rudd hakuwa mtu mkali; alipokuwa na neno gumu la kusema, alitazama viatu vyake. "Sina ubaya na wewe, Kester. Lakini huu ni mchezo wa msiba. Watu wakimcheka malkia, mchezo umekufa, na nyumba ya michezo ya ng'ambo ya mto itapata watu wetu wote. Sauti ikishika leo, utabaki tuone. Ikivunjika mbele ya watu, utaondoka na mjomba wako. Jasper ataanza kujifunza maneno ya malkia."

Jasper aliacha kutafuna. Alitazama tufaha lake kama limeingia funza.

Nje, bendera ya kutangaza mchezo ilikuwa imepandishwa na ua ulikuwa unajaa. Kester alimkuta Gabriel Thorne nyuma ya pazia akijichana ndevu. Thorne ndiye aliyecheza watu wabaya wote. Wanawake wa Southwark walimzomea jukwaani, kisha wakamsubiri mlangoni.

"Bwana Thorne, tafadhali, tupitie maneno ya karamu."

"Ya nini tena, malkia wangu? Niambie tu unamalizia na nini."

"'Kikombe hicho hicho.'"

"Basi. Nikisikia 'kikombe hicho hicho', naangusha kikombe, nachomoa upanga. Kabla ya hapo hata ukinitajia bei ya samaki, mimi nitasimama pale nimekukazia macho."

Hakuwa anatania. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi wote. Hakuna mchezaji aliyepewa mchezo mzima. Kila mmoja alipewa maneno yake tu, na juu ya kila kipande, maneno machache ya mwisho ya mwenzake, ili ajue lini aanze. Mchezo mzima alikuwa nao Bwana Crale, aliyeuandika, na ambaye alisimama nyuma ya pazia akiushikilia kama mtoto mchanga.

Tarumbeta ikalia.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kester aliingia na gauni jeusi, uso umepakwa weupe, akalia juu ya maiti ya mfalme. Sauti ilishika. Alisema polepole, akiyapita maneno ya juu kama mtu anayevuka barafu nyembamba ya mto. Mwanamke mmoja mbele ya jukwaa alijifuta macho kwa aproni.

Kisha ikaja karamu.

Ferrante, nduguye mfalme, alikuwa amekalia kiti cha marehemu. Hiyo ilikuwa sehemu ya Thorne, na alikikalia kiti kile kwa raha mpaka watu walikuwa wanamtukana tayari. Malkia Isaura aliingia bila kualikwa, akasimama mbele ya wakuu wote ili aseme nani alimnywesha mumewe sumu. Yalikuwa maneno marefu kuliko yote ya mchezo ule, na yalianza juu kabisa.

"Mabwana," alisema Kester, "huyu mnayemwita mfa—"

Ikatoka sauti ya fahali.

Ua mzima uliangua kicheko.

"Mpeni malkia kinyozi!" alipayuka mtu.

"Kunywa maji, mama!"

"Huyo si mjane, huyo ndiye marehemu mwenyewe!"

Maganda ya kokwa yalimgonga kifuani. Alimwona mjomba wake, mikono kifuani, akiwa mtu pekee asiyecheka. Alikuwa anatingisha kichwa na kutazama upande wa lango. Nyuma ya pazia aliona nusu ya uso wa Bwana Rudd. Alimgeukia Thorne, lakini Thorne alisimama tu na kikombe chake, amemkazia macho, akisubiri. Hangeweza kumsaidia. Hakujua maneno yaliyokuwa yanafuata. Hakuna mtu jukwaani aliyeyajua.

Hakuna aliyeyajua.

Kester aliisikia tena ile sauti iliyotoka uani: ndiye marehemu mwenyewe.

Alipeleka mkono kooni, taratibu, kama mtu aliyeguswa hapo na kidole cha baridi. Alimtazama Ferrante kwa hofu. Kicheko kilipungua kidogo. Watu walitaka kujua amepatwa na nini. Ndipo akaacha kupigana na koo lake. Akaiacha sauti ianguke yote, mpaka chini kabisa.

"Ferrante," alisema. "Ndugu yangu."

Mtu mmoja aliendelea kucheka, halafu akajikuta anacheka peke yake.

Kester akaikamata sauti ya juu, ile nyembamba iliyokuwa imebaki. "Nani huyu? Nani anasema ndani yangu?" Akazunguka, gauni likafagia mbao. "Mume wangu?"

Na kutoka chini: "Kuna baridi hapa nilipo, Ferrante. Ulinipa divai. Sikuuliza ni ya wapi. Nilikunywa kwa sababu aliyeniletea ni wewe."

Muuza bia alisimama na jagi mkononi, bia ikimwagikia kiatuni.

Nyuma ya pazia Bwana Crale alikuwa anafungua kurasa kama kichaa. "Hayamo!" alinong'ona. "Hayamo! Mtoto anatunga! Mtoeni!"

Bwana Rudd alimziba mdomo kwa kiganja. "Ukimgusa nakuvunja mkono," alisema.

Thorne alikuwa ameanza kubadilika rangi. Alikuwa akisubiri maneno yake ya ishara na hayakuja. Badala yake mvulana mwenye uso mweupe alimjia hatua kwa hatua, akibadilisha sauti, mara mke, mara mume, na kila mara ile ya mume ilikuwa karibu zaidi. Thorne alirudi nyuma. Hakuna mtu aliyemwambia arudi nyuma.

"Usiende, mpenzi wangu, usiniache tena," alilia malkia.

"Siendi," alijibu mfalme kwa mdomo huohuo. "Nimekuja karamuni. Kiti changu kina mtu. Na mkononi mwake..." Hapo sauti zikagongana, zikapasuka, zikawa moja yenye mikwaruzo ambayo haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume. "Mkononi mwake ameshika kikombe hicho hicho!"

Kikombe kilianguka. Baadaye Thorne aliapa kwamba alikiangusha kwa makusudi. Waliokuwa karibu walisema vidole vyake vilifunguka vyenyewe.

"Muueni!" alinguruma mchinjaji mmoja, akapanda ukingo wa jukwaa mpaka wenzake wakamvuta kwa mkanda. "Mnasubiri nini? Muueni huyo mbwa!"

Kelele zilizofuata zilisikika, walisema watu, mpaka kwenye banda la jirani la dubu waliopiganishwa na mbwa, na dubu wakajibu.

Mchezo ulipokwisha, Thorne alitoka mbele, kama ilivyokuwa desturi, kutangaza mchezo wa siku ya pili.

"Wapendwa, kesho tutawaletea kichekesho kipya cha—"

"Malkia!"

"—cha mfanyabiashara na—"

"Malkia! Mleteni malkia!" Walikuwa wanapiga miguu chini, vumbi linapanda. Thorne aliinua mikono, akacheka, akainama, akarudi ndani.

Kester alikuwa amekaa sakafuni, wigi mapajani, jasho limechora mistari kwenye rangi ya uso. Bwana Rudd alisimama mbele yake. Safari hii hakutazama viatu.

"Mjomba wako yuko mlangoni. Nimemwambia atafute mtoto mwingine wa kukanyaga ngozi."

"Na ikimaliza kuvunjika, Bwana? Ikibaki ile ya chini tu?"

"Basi utakuwa mfalme. Mimi nazeeka, na Thorne hawezi kukalia viti vyote." Akamgeukia Bwana Crale. "Andika aliyoyasema kabla hajayasahau."

"Naandika, naandika," alisema Crale akitafuta wino. "Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuyafikiria."

Jasper alimvamia Kester shingoni. "Umenitisha mpaka nimejificha nyuma ya kasha! Muulize Mama Marjory!"

"Kweli," alisema Mama Marjory, akijifuta macho kwa pindo la gauni la mtu mwingine. "Inuka, mwanangu. Huwasikii? Hawaondoki."

Kester hakuvaa wigi. Alitoka vilevile, na gauni jeusi la mjane na nywele zake fupi zimelowa, akasimama ukingoni kabisa mwa jukwaa. Watu walinyoosha shingo kumsikiliza.

"Kesho!" alisema, kwa sauti yake mpya, nzito, yenye mikwaruzo.

Nao kofia zao zote wakazirusha juu.