Habari Huanzia kwa Babu

Takeo Nagamine, kiungo aliyemwaga jasho kwenye viwanja vya Brazili tangu ujana wake, alirudi nyumbani Bastos, mji wa wahamiaji wa Kijapani huko huko Brazili, na goti bovu na neno moja lililomkwama kooni: anaacha mpira, na msimu haujafika hata nusu. Klabu ilikuwa imemkubalia kiungwana. Aliyebaki ni baba yake, na huyo ndiye aliyekuwa mgumu kumkabili. Mzee Mitsuo, mfugaji wa kuku wa mayai, alipomruhusu mwanawe aende kucheza alimpa sharti moja tu: kazi aliyoiacha njiani asimletee pale nyumbani. Tangu hapo hakuwahi kukanyaga uwanjani wala kumwambia amecheza vizuri.

Mashabiki wa Brazili walimwita Mjapani. Alipokwenda kucheza Japani, wakamwita Mbrazili. Hayo aliyazoea. Ila Bastos alikuwa mtoto wa Mitsuo wa kuku, na cheo hicho ndicho kilichomwogopesha.

"Unamzunguka baba yako kama jogoo mgeni," mama yake, Fumie, alimwambia akipakua wali. "Una nini?"

"Sina kitu, mama."

"Goti limekuwa boga, na bado huna kitu. Haya, mpelekee babu yako chakula. Na hicho usichokuwa nacho, kamwambie yeye kwanza."

Ndivyo walivyoishi. Wali wa kwanza ulikuwa wa babu, mbele ya picha yake kwenye kabati dogo la marehemu pale sebuleni. Harusi, mitihani, hata kuku wakifa, habari ilianzia kwake, kisha ndiyo ikawafikia walio hai.

Takeo alipiga magoti kwa shida, mguu mmoja kaunyoosha pembeni, akagonga kengele ndogo. Kabla hajafungua kinywa, baba yake akaingia kutoka bandani, akapiga magoti kando yake. Sasa hapakuwa na pa kukimbilia.

"Babu," Takeo akasema, "goti limekataa. Naacha mpira, na msimu haujaisha. Nisamehe."

Mzee Mitsuo hakumgeukia mwanawe. Aliiambia picha.

"Baba, usimsikilize sana, huyu kwa kujilaumu hajambo. Mechi zake nazisikiliza redioni kule bandani, hata kuku wanalijua jina lake. Wafungaji ndio walioshangiliwa, lakini mipira aliwapa yeye. Mashabiki wakimtania macho yake ya Kijapani, anazidi kucheza. Nilikuwa naona fahari, basi tu, kumwambia nikashindwa."

Akalisogeza bakuli la wali karibu na picha.

"Kazi yake ameimaliza, baba. Mimi baba yake nasema ameimaliza."

Takeo alibaki ameinamisha kichwa, machozi yakimdondokea mapajani, na baba yake akaendelea kuitazama picha ili asiyaone.