Jiwe la Mbele ya Zahanati

Fundi Bomba hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na leseni ya udereva, wala saa iliyokwenda sawasawa, wala meno mawili ya mbele, ambayo spana iliyoteleza iliyachukua bila kuomba ruhusa. Hakuwa na mtoto hata mmoja aliyependa kushika bomba. Wote watatu walikimbilia ofisini. Kwa miaka tisa aliyofanya kazi ya misheni ng'ambo hakuwa hata na kitanda alichoweza kukiita chake. Lakini jiwe alikuwa nalo.

Jiwe lilikuwa kule kule ng'ambo, limelazwa mbele ya mlango wa zahanati, pana kama meza ya watu sita. Lilichongwa jina lake kamili, na chini ya jina maneno haya: Alituletea Maji. Picha yake ilining'inia sebuleni juu ya redio. Mgeni hakumaliza chai kabla ya kuoneshwa picha hiyo, na mkewe, aliyeifuta vumbi kila Jumamosi, hakuacha kunung'unika kwamba picha ya harusi yao imelala kabatini chini ya mashuka.

Sasa jiwe lilikuwa linaelekea kupata sifa zaidi. Jumapili Mchungaji alikuwa ametangaza kwamba waumini kumi na wawili watasafiri kwenda kuiona kazi ya misheni, na kwamba watapiga picha wakiwa wamelizunguka jiwe. Picha hiyo ingekuwa jalada la kalenda ya kanisa. Tangu Jumapili hiyo Fundi Bomba alitembea kifua mbele, na hata kofia yake ilionekana kumbana kidogo.

Siku ya Jumanne ikaja barua kutoka kwa mkunga wa zahanati ile. Iliandikwa kwa lugha ya kule, ambayo Fundi bado aliisoma bila kusitasita.

"Baba yetu Fundi," aliandika mkunga, "tunakusalimu kwa heshima. Bomba la kwenda chumba cha kujifungulia limepasuka. Tumelifunga kwa mipira, lakini maji yanafika kwa matone, na akina mama wanaletewa maji kwa ndoo. Kulitengeneza hatuwezi mpaka tufunge koki kuu, na koki hatuioni. Kwenye mchoro wako haimo. Tumechimba kila mahali isipokuwa penye jiwe lako, maana hilo hatuthubutu kuligusa. Tuambie, Baba, koki iko wapi?"

Fundi aliikunja barua, akaikunjua, akaikunja tena.

"Umekaa kama mtu aliyemeza kifuniko cha chupa," mkewe alimwambia. "Wanasemaje?"

"Wanaitafuta koki kuu."

"Si uwaambie? Au umesahau?"

Fundi aliinua kidole taratibu, akakielekeza juu ya redio.

Mkewe aliitazama picha. Kisha akamtazama yeye. Kisha akaitazama picha tena, na kicheko kikamtoka hata akashika ukingo wa meza asije akaanguka.

"Mama yangu wee! Miaka yote hii kumbe nafuta vumbi mfuniko wa chemba!"

"Cheka tu," alisema Fundi, ingawa naye midomo ilianza kumcheza.

Hakuwa amesahau. Jiwe lilifika asubuhi ya sherehe ya kulizindua, kubwa kuliko walivyoagiza, na wageni kutoka makao makuu walikuwa njiani. Mahali palipokuwa tambarare palikuwa pamoja tu, juu ya chemba, lile shimo la koki. Nitalihamisha kesho, alijiambia huku akikoroga saruji. Kesho yake watu walikuwa wakija kulisoma jina lake kwa sauti, wakimpa mkono. Alipoandaa mchoro wa kuwaachia, kalamu ilifika penye koki, ikaruka.

Alasiri ile aliandika jibu. Aliwashauri wachimbe mtaro mpya nyuma ya jengo, wapitishe bomba kando ya mwamba, waungie upande wa pili. Lilikuwa jibu la kitaalamu, lenye vipimo. Mkewe aliomba asomewe.

"Hiyo ni kazi ya muda gani?" aliuliza.

"Wiki sita. Saba, mwamba ukikataa."

"Wiki saba akina mama wabebe ndoo ili jiwe lipumzike." Alisema bila ukali, akiendelea kukunja nguo. "Huyu mkunga ni yupi?"

"Yule aliyenishona mdomo siku ya spana."

"Alinawa kwa maji gani?"

Fundi aligusa pengo la meno yake. Ilikuwa wiki ya kwanza ya maji. Damu ilikuwa ikimchuruzika kidevuni, na yule mkunga, wakati huo bado msichana wa mafunzo, alisimama penye bomba akanawa mikono mara moja, akanawa mara ya pili, akanawa mara ya tatu, akicheka peke yake kwa sababu maji hayakwisha. "Ngoja kidogo, Baba," alimwambia, "nayafaidi." Jiwe lilikuwa halijachongwa bado. Wala siku hiyo hakuna aliyelihitaji.

Akalichana jibu lake. Akachukua karatasi nyingine.

"Koki iko chini ya jiwe langu," aliandika. "Mimi ndiye niliyeifunika, na mimi ndiye niliyeiacha nje ya mchoro. Msijaribu kulinyanyua, mtaumia migongo, lipasueni. Anzeni kwenye herufi ya kwanza ya jina langu, hapo niliweka saruji kidogo. Koki ikikaza msiilazimishe. Itieni mafuta, mnywe chai, kisha mrudi. Vipande vya jiwe vipangeni chini ya bomba la kufulia, miguu ya akina mama isikanyage tope."

Alisimama, akaishusha picha, akaitoa kwenye fremu. Kwa kalamu nyekundu akachora alama ya msalaba mahali pa kupiga nyundo, akaitia picha ndani ya bahasha. Aliporudisha macho mezani, mkewe alikuwa ameshaichukua fremu, anaipulizia kioo.

"Naona nafasi imepatikana," alisema mama yule, akaelekea kabatini.

Fundi alilamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa ngumi, akavaa kofia. Haikumbana.

Njiani akakutana na Mchungaji.

"Fundi wetu! Umejiandaa? Jalada la kalenda hilo!"

"Nimejiandaa, Mchungaji. Waambie wasafiri wasisahau nyundo."

"Nyundo? Nyundo ya nini?"

"Nikirudi nitakueleza. Chai iwe tayari, hadithi ni ndefu."

Akamwacha amesimama. Posta ilikuwa wazi bado. Aliisukuma barua kwenye mdomo wa sanduku, akatega sikio mpaka akaisikia ikiangukia barua za watu wengine.