Tangazo la Msiba Usiotokea

Kundi la WhatsApp la kijiji lilikuwa na sheria moja, na mwenyekiti Alfani aliisimamia utadhani imetungwa na bunge: humu ni misiba tu. Si picha za harusi, si bei ya korosho, si salamu za asubuhi zenye maua. Mtu akifa, jina lake linawekwa, saa ya mazishi inawekwa, na chini kabisa linafuata agizo ambalo hata watoto walilijua kwa moyo: Msomee jirani asiye na simu. Na watu walisomeana kweli. Kukaa na msiba wa watu kwenye simu yako ukanyamaza, hapo kijijini ilikuwa aibu ya kuhamia nayo wilaya nyingine.

Alhamisi alasiri Rukaiya alikuta vyura wameelea kisimani, matumbo juu. Ashiru, mkwe wa mwenyekiti, alikuwa ameosha bomba la kupulizia mikorosho palepale ukingoni, na dawa iliyobaki akaimwaga. Mbuzi watatu wa jirani yake Zena walikunywa kwenye kidimbwi cha pembeni, na jua halijazama wote walikuwa wamekufa. Rukaiya alipiga picha akamtumia bwana shamba, aliyekuwa Masasi mjini. Jibu lilikuja fupi: mtu yeyote asiguse maji hayo mpaka nije Jumatatu kuyapima.

Jumatatu ilikuwa mbali mno. Jumamosi mwenyekiti alikuwa anatoa wali wa unyago nyumbani kwake, wasichana tisa waliokaa ndani wiki tatu, na mmoja wao alikuwa Shakila, mtoto pekee wa Rukaiya. Maji ya mapipani yalitosha kufika Jumamosi alfajiri. Baada ya hapo wangechota kisimani: ya kuwaogesha wali, ya kupikia, ya kunywa wageni mia mbili. Na mama hakanyagi nyumba ya wali kabla ya siku ya kutoka, hata awe na moto kichwani.

Alikwenda kwa mwenyekiti, akamkuta anahesabu masufuria.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Shakila. Najua kilichokuleta. Hiyo dawa imeshatuama chini. Maji ya juu hayana neno."

"Vyura wamefia hayohayo ya juu."

"Wageni wa Newala wameshafunga mizigo," alisema Alfani, na sasa hakuwa anatabasamu. "Dada yangu ndiye nyakanga, anakuja kuwatoa hao wali. Unataka nimwambie nini? Kwamba mkwe wangu katia sumu kisima? Nenda nyumbani. Neno hili nisilisikie tena."

Rukaiya alienda nyumbani, lakini neno alikwenda nalo. Alirekodi sauti akaitupa kundini. Alfani aliifuta papo hapo, akaandika: Humu ni misiba tu.

Usingizi haukumjia vizuri. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeambiwa anyamaze ili mtoto wake anyweshwe sumu kwa heshima. Ijumaa mchana, Alfani alipozima simu na kuingia msikitini, Rukaiya alikaa barazani akaandika taratibu, kwa mpangilio uleule wa siku zote:

TANGAZO LA MSIBA. Jina la marehemu: bado halijulikani. Huenda ni mtoto wako, huenda ni wangu. Atafariki baada ya kunywa maji ya kisima chetu kwenye shughuli ya Jumamosi. Kisima kimeingia dawa ya mikorosho. Picha za vyura na mbuzi hizi hapa, na maneno ya bwana shamba haya hapa. Mazishi tutawatangazia. Msomee jirani asiye na simu.

Mwenyekiti alipotoka kuswali alilifuta tangazo, akamtoa na Rukaiya kundini. Basi Rukaiya akabaki gizani. Hakujua nani amesoma, nani amecheka, nani amesema mjane yule kachanganyikiwa.

Jumamosi alfajiri alishuka kisimani peke yake, akaburuta matawi ya miiba akaziba njia, akakaa mbele yake na panga mapajani. Alikuwa anaogopa, tusidanganyane.

Alfani alikuja na mgambo wawili.

"Ondoka hapo, Mama Shakila. Akina mama wanakuja kuchota."

"Wako wapi?"

Alfani aligeuka kutazama njia. Hapakuwa na ndoo wala mtu. Asubuhi ya shughuli, saa ambayo njia ile ingekuwa haipitiki kwa wanawake, ilikuwa tupu.

Kisha zikasikika bodaboda. Zilikuja sita kwa mstari, na nyuma ya kila abiria yalikuwa yamefungwa madumu ya njano. Watu wa Newala, ambao kule juu maji huyafuata mabondeni kwa jasho, walikuwa wamewateremshia maji wenzao. Zena alipakiwa kwenye ya kwanza awaonyeshe njia. Nyuma yake alishuka Bibi Rahima, nyakanga, dada wa mwenyekiti, akanyoosha kiuno na kuitazama ile miiba.

"Shikamoo, Dada," alisema Alfani.

"Marahaba. Tangazo lenu lilifika Newala jana; nimesomewa mara nne, na watu wanne tofauti. Aliyekufa ni nani?"

"Hajafa mtu, Dada. Huyu mwanamke ni mwongo."

"Hajafa mtu," Bibi Rahima alirudia polepole. "Basi tangazo limefika kwa wakati. Mwambie mkweo aje afukie kidimbwi hicho. Wali wangu wanataka kuoga."

Alfani alimgeukia Rukaiya kwa sauti ya chini.

"Waandikie watu kwamba mambo yametulia."

"Nitaandika wapi? Nirudishe kwanza."

Alimrudisha palepale. Rukaiya hakuinuka mbele ya miiba. Aliandika, akasoma mara mbili, akatuma mbele ya macho yake:

Msiba umeahirishwa. Kisima kimefungwa mpaka kipimwe, na ninakilinda mimi. Msomee jirani asiye na simu.

Alfani aliishika simu yake muda mrefu. Safari hii hakufuta.