Karatasi Isiyotulia

Jumatatu saa mbili asubuhi, Florence Keji alifika kwenye meza ya Shallon nje ya ofisi ya viwanja, akaweka kikapu chini, akafuta vumbi la kiti cha plastiki kwa ncha ya leso, ndipo akakaa. Shallon alikuwa anaunganisha printa kwenye betri ya gari. Kando ya kompyuta yake kulikuwa na mawe saba ya mtoni, laini, kila moja kama yai la bata. Ni mawe ya kukandamizia barua. Bila mawe hakuna mtu anayeweza kufanya kazi ya kuandikia watu barua kwenye barabara ile.

Ilianza mwaka ule watu walipoanza kurudi kutoka kambi za Uganda. Mtu akieleza jambo linalomkosesha amani, na akalieleza kwa neno lake hasa, karatasi haitulii. Neno jepesi linatikisa pembe tu. Neno zito linaitembeza karatasi. Watu walishazoea; waliokuwa na kesi kubwa walikuja na kamba kabisa. Shida ilikuwa muhuri. Muhuri ukigongwa kwenye karatasi inayotetemeka unatoka mara mbili, na muhuri uliotoka mara mbili, wale wa dirisha la pili wanasema ni wa kughushi.

Shallon alikuwa Mganda wa Mbale, na alikuwa na daftari la maneno. Kila mteja aliyepata neno la kufaa alimwachia. Kulikuwa na neno la ukuta uliosogea, neno la mtu unayemkuta amevaa viatu vya marehemu mume wako, neno la simu inayoita halafu inanyamaza. Daftari lenyewe alilifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, maana siku moja lilishuka mezani likaenda mpaka kwa muuza chapati.

"Jaja, leo tunaandika nini?" aliuliza; kwao bibi huitwa hivyo.

Florence alimweleza, bila haraka. Mwaka wa vita vya mjini, elfu mbili na kumi na sita, alikimbilia kambi ya Adjumani, Uganda, akaacha nyumba ya vyumba viwili kule mtaa wa Juba Na Bari. Uani aliacha kaburi la mumewe Saturnino, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, kwa sababu kwao mwanaume huzikwa katika uwanja wake. Upande wa kushoto wa kaburi, hatua moja na nusu, waliacha nafasi. Nafasi hiyo ni yake yeye Florence. Aliporudi baada ya miaka minane alikuta ukuta wa matofali, geti la buluu, na afande mmoja ndani yake.

Afande hakuwa mtu wa matusi. Alimvutia kiti akamwambia, "Karibu mama, jisikie uko kwako." Alimwonyesha hati ya kununua. Alisema aliyemuuzia hajui alikokwenda. Mawe ya chokaa yalikuwa yameondolewa, na jenereta ilikaa palepale kwenye kichwa cha Saturnino. Sasa afande alisema Jumamosi anamwaga zege uwanja wote, maana matope yanachafua matairi ya gari lake. Fundi angesimama kama angeonyeshwa barua ya kusimamisha kazi, yenye muhuri. Kwa barua isiyo na muhuri hasimami.

"Sawa," Shallon alisema. "Hiyo jenereta inakufanya nini?"

"Inanikera."

Shallon aliandika, akachapa. Karatasi ilitoka ikatikisa pembe mbili. Florence aliipeleka dirisha la tatu, kwa Ustaz Loro. Huyu alisomea Eldoret, kwa hiyo barua zote za Kiswahili zilikwenda kwake. Loro aliibana kwa kiganja cha kushoto, akagonga kwa mkono wa kulia. Muhuri ukatoka mara mbili. Aliichana taratibu, akampa pole.

Jumanne Florence alisema inamtia wasiwasi. Karatasi ilitetemeka hata ikadondosha kalamu ya Loro. Jumatano alisema inamtisha, nayo ikatembea juu ya kaunta mpaka kwenye chai ya mwenzake Loro, wa dirisha la nne, aliyenyanyua kikombe chake bila kuacha kuongea na simu. Florence alikuwa amesoma madarasa manne tu, lakini maneno aliyajua kwa uzito, kama anavyojua unga kwa mkono. Alijua bado hajafika.

"Haboba, bibi yangu, mimi sikatai," Loro alimwambia. "Mkono wangu ndio unakataa."

Kisha akafungua faili akamwonyesha nakala ya hati ya afande. Ilikuwa imelala kama shuka lililopigwa pasi. Juu yake palikuwa na nzi aliyekufa zamani, hajasogezwa hata kidogo. Muhuri wake ulikuwa mduara mmoja safi.

"Unaona?" alisema Loro. "Hii haina tabu na mtu."

Alhamisi Florence alikaa kwenye kiti cha Shallon mpaka jua likafika kichwani. Wateja walipita, akawapisha, akarudi kukaa. Hatimaye alisema, "Andika hivi, mwanangu. Nikifa nitazikwa kwa wageni, na Saturnino atanisubiri."

Shallon aliandika. Karatasi haikungoja printa imalize. Ilijivuta yenyewe, ikashuka mezani, ikavuka barabara katikati ya bodaboda, ikapanda ngazi za benki. Mlinzi wa benki aliirudisha akiwa ameishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kuku. Mawe matatu hayakuitosha. Shallon alivua kiatu akaongeza.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema.

"Ndiyo yenyewe," alisema Florence.

Loro hakujaribu hata kufungua kibweta cha muhuri. Aliisoma barua huku yeye na mwenzake wakiishikilia kila mtu upande wake. Halafu akamwambia kwa sauti ya chini kwamba liko neno wanaloliandika watu wa ofisini wenyewe wanapokuwa na jambo, na neno hilo halijawahi kutikisa hata bahasha. Alimwandikia Florence kiganjani, kwa kalamu.

Ijumaa, kwa hiyo, barua ilisema Florence Keji ana changamoto ndogo ya kiwanja. Karatasi ilitoka kwenye printa ikalala. Shallon aliipulizia, haikusogea. Loro aligonga muhuri mara moja, ukatoka mduara mmoja safi, na barua ikapanda ghorofani. Kabla ya saa tisa jibu lilishuka: changamoto ndogo humalizwa nyumbani na wanaohusika, ujenzi uendelee. Jibu nalo lilikuwa na muhuri mzuri.

Jumamosi asubuhi Florence alikwenda Juba Na Bari na ile barua ya Alhamisi ndani ya kikapu, imefungwa kwa leso, juu yake jiwe moja la Shallon. Kikapu kilimvuta mkono njia nzima. Geti lilikuwa wazi. Fundi aliyeitwa Sunday alikuwa anachanganya kokoto na saruji, na jenereta ilikuwa imesogezwa pembeni kupisha kazi. Florence alihesabu hatua kutoka kwenye kizingiti cha mlango wake wa zamani, akasimama penye nafasi yake.

"Weka hii hapa, mwanangu, kabla hujamwaga."

Sunday aliangalia karatasi ikirukaruka chini ya jiwe. Alisema haina neno, karatasi haiharibu zege. Afande alitoka na mswaki mdomoni akauliza kama hizo ni takataka. Sunday akamjibu ni barua. Afande akasema sawa, mradi sakafu iwe tambarare. Zege likamwagwa, likasawazishwa kwa ubao. Florence alikaa nje ya geti hadi lilipoanza kukauka, akaenda zake.

Sakafu ilianza kutetemeka usiku uleule na haikuacha. Bilauri zilitembea kabatini. Gari la afande, hata likivutwa breki, kila asubuhi lilikutwa limegeuza pua kwenye geti. Majirani walitundika sufuria zao kwenye misumari. Afande alihamisha vyombo vyote rafu ya chini, akafunga miguu ya kitanda kwa waya, akaendelea kuishi.

Wiki ya tatu Florence alikuwa kwa Shallon. Alimletea jiwe jipya la mtoni, badala ya lile lililobaki chini ya zege. Afande akaja, akakaa kiti cha pili, akasalimia vizuri. Alitaka barua. Alisema sakafu yake inamtisha. Shallon aliandika, na karatasi ikashuka mezani ikagonga buti lake, ikarudi nyuma, ikagonga tena. Afande aliitazama. Kwa miaka yote hakuwahi kuandika barua ya aina hiyo.

"Weka changamoto ndogo, afande," Florence alimwambia. "Hiyo inatulia."

Afande alishukuru. Barua yake ilipata muhuri siku hiyohiyo, na jibu lake siku hiyohiyo: imalizwe nyumbani na wanaohusika.

Tangu hapo, Jumapili baada ya misa, afande humfungulia Florence geti. Amejaribu kila mahali uwanjani, akaona sehemu moja tu ambako kiti hakihami, na hapo ndipo humwekea. Ni hatua moja na nusu kushoto ya jenereta, ambayo imerudishwa mahali pake. Humletea chai, bilauri nusu tu ili isimwagike.

"Karibu mama, jisikie uko kwako," humwambia.

Florence hukaa, akanywa kidogo kidogo. Chini ya nyayo zake karatasi inatembea, inatembea, na haina pa kutokea.