Wiki Mbili za Kuifundisha Seva ya Akiba

Saa nne kasoro dakika tano, Alhamisi asubuhi, nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha shemeji yangu, nina furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Hofu ilikuwepo, siwezi kudanganya, lakini furaha iliizidi. Wiki mbili nzima nilikuwa naifundisha mashine Kiswahili, na sasa ilikuwa inakwenda kusema mbele ya watu.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika kituo cha kusukuma maji. Shule niliiacha darasa la sita. Kazi hii niliiingilia mlango wa nyuma: nilianza kwa kuvuta nyaya, kisha nikaanza kuuliza nyaya zinakwenda wapi. Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Kazini wote humwita Mama Vali, kwa kuwa ameziendesha pampu zile miaka ishirini na miwili, na anaweza kukwambia vali ipi inavuja kabla hujafungua mlango. Kiingereza hajui. Hajawahi kukihitaji, maji hayaongei Kiingereza.

Kompyuta kubwa inayoongoza pampu, yaani seva, ilifungwa ikiwa na maandishi ya Kiswahili. Ile ya akiba, inayoshika kazi kubwa inapozimika, ilikuja na Kiingereza, na hakuna aliyejali. Mwezi uliopita kubwa ikazimika. Ya akiba ikaamka, ikaandika mstari mwekundu, na Mama Vali akautazama kama mtu anayetazama ukuta. Akanipigia simu. Nilipofika, dakika arobaini baadaye, tangi la juu lilikuwa limefurika na maji yameingia hadi stoo ya mabomba.

Meneja hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu, "Nitatafuta mtu anayesoma Kiingereza akae hapa. Mama tutampeleka getini, awe anaandika magari."

"Tatizo si mama, tatizo ni mashine," nikamwambia. "Nipe wiki mbili niibadilishe lugha."

"Ukishindwa?"

"Nikishindwa mpeleke getini, na mimi nitamfuata."

Mdomo wangu hauna breki. Jioni ile mke wangu aliponiuliza habari za dada yake, nilijifanya nina njaa sana.

Basi nikaanza. Makao makuu walituletea karatasi ya maneno waliyoyatunga wenyewe. La kwanza lilisema, "Shinikizo la giligili limevuka ukomo." Nikamsomea Mama Vali.

"Hiyo ni dua au tusi?" akauliza.

Karatasi ile nikaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Nikavuta kiti, nikamwambia, "Shemeji, presha ikizidi wewe husemaje?"

"Nasema presha imezidi. Kwani kuna namna nyingine?"

Tukaandika hivyo. Onyo moja baada ya jingine, mia moja na kumi na nne kwa jumla, yeye anasema, mimi naandika. Hata yale ya ukali aliyachagua mwenyewe. "Usiweke tafadhali," alinionya. "Mashine ikitaka kunionya isinibembeleze."

Siku ya jaribio alikuja mkaguzi kutoka makao makuu, mwanamume mwembamba, viatu vipya, fomu mkononi. Meneja alisimama kando yake, mikono nyuma. Mkaguzi akaangalia saa yake.

"Zima kubwa," akasema.

Nikaizima. Feni zikanyamaza, skrini ikawa nyeusi. Nikahesabu moyoni. Nilipofika tisa, skrini ikawaka:

SEVA YA AKIBA IKO KAZINI. PAMPU TATU ZINASUKUMA.

Mama Vali akajipiga paja. "Haya! Kumbe mtoto ana mdomo!"

Nilitaka kuruka. Nikajizuia kwa sababu ya meneja. Afadhali ningeruka tu, maana furaha yenyewe haikumaliza hata robo dakika. King'ora kikalia, skrini ikawa nyekundu:

PRESHA YA BOMBA KUU IMEZIDI: 45. PAMPU ZOTE ZITAZIMWA BAADA YA SEKUNDE 60.

Mkaguzi akafungua kalamu. "Acha zizime. Jaribio limeshindikana."

"Arobaini na tano?" Mama Vali alikuwa ameshasimama. "Uongo huo! Bomba lile kumi tu halivumilii. Lingekuwa arobaini na tano sasa hivi tungekuwa tunaogelea. Sikiliza pampu zinavyolia, zimetulia kama paka. Na zikizima zote kwa mpigo, maji yatarudi kwa kishindo yang'oe viungo. Sizimi!"

Akashika swichi kubwa ya ukutani, akaigeuza kutoka upande wa mashine kwenda upande wa mkono. Zilikuwa zimebaki sekunde thelathini na mbili. Pampu zikaendelea kuunguruma.

"Wewe mkaguzi," akasema, "una macho mazuri. Kimbia kwenye geji ile pale bombani unisomee mshale."

Mkaguzi akamtazama meneja.

"Nenda, baba! Unangoja kadi ya mwaliko?"

Akaenda. Sauti yake ikatoka nyuma ya pampu ya pili. "Nne na nusu!"

"Sikusikii! Hukunywa chai?"

"Nne na nusu, mama!"

Nne na nusu. Hapo ndipo nilipoelewa, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Kwenye mipangilio ya seva, lugha ina mstari wake na namba zina mstari wake. Mimi nilibadilisha wa lugha. Kumbe nilipobadilisha, wa namba ulijirudisha wenyewe kama ulivyotoka kiwandani, nami sikuuangalia; na huko kiwandani nne na nusu huandikwa kwa mkato, 4,5. Nukta ni ya kutenga maelfu tu. Geji ikituma 4.5, seva inaitupa nukta na kusoma 45. Nilikuwa nimejaribu maneno yote mia moja na kumi na nne, lakini pampu zikiwa hazijaunganishwa. Namba sikujaribu hata moja.

"Kosa ni langu," nikasema kwa sauti. "Namba sikuziangalia."

"Kwa hiyo—" meneja akaanza.

"Niache nirekebishe kwanza, ndipo unisute."

Nikapiga magoti mbele ya kibodi, maana kiti kilikuwa mbali. Nikafungua mipangilio, nikaandika mstari wa namba, nikakosea, nikafuta, nikaandika tena. Nyuma yangu mkaguzi alikuwa anapaza sauti, "Nne na nusu! Nne nukta sita! Nne na nusu!" na Mama Vali anabana vali na kulegeza, anamjibu, "Vizuri, usilale!" Nikaiwasha seva upya. Dakika sita tangu king'ora kulia, skrini ikarudi:

PRESHA YA BOMBA KUU: 4.5. SAWA.

Mama Vali akaichungulia, akasikiliza pampu, akairudisha swichi upande wa mashine. King'ora hakikulia.

Mkaguzi akarudi, viatu vimelowa, anahema, na nadhani alikuwa anajizuia asicheke. Meneja akamwambia, "Umeona mwenyewe. Imeshindwa."

"Namba zilishindwa," mkaguzi akasema. Akamgeukia Mama Vali. "Ulijuaje la kufanya?"

"Si imeandika? Presha imezidi, sekunde sitini nazima. Nikajua inataka kufanya nini, nikajua pia kwamba inaongopa."

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu. Kisha akafunga kalamu na kuniambia, "Fundi, washa kubwa. Halafu zima tena. Tuanze mwanzo."

Tukaanza mwanzo. Kubwa ikazimika, ya akiba ikaamka, ikasema iko kazini, ikasoma nne nukta tano, ikasukuma maji nusu saa bila kutoa hata mlio. Mkaguzi akasaini, akakata nakala, akampa meneja. Meneja akaisoma mara mbili, akakohoa.

"Haya, mama. Endelea na zamu."

"Mimi sikuwa nimeiacha," Mama Vali akajibu bila kugeuka, maana mkono wake ulikuwa kwenye vali namba tatu.